Kabla hujachagua njia ya viza ya ndoa Ujerumani, uliza mkiachana itakuwaje

Kila nikifungua simu kuna meseji ya namna ileile, dada nimeolewa na Mjerumani, dada mchumba wangu yuko Stuttgart ni Mreno anafanya kazi kiwandani, dada mume wangu Mtanzania kapata kazi ya IT Munich, nipe njia ya haraka ya kumfuata. Haraka ndo neno la kwanza na wala silaumu, ndoa ya kwenye simu inachosha, bando linakata mko katikati ya maongezi, ndugu nao washaanza kuuliza mbona hakuchukui. Lakini mimi nipo Hamburg siku nyingi sasa, nimeshasindikiza wadada wengi (na kaka mmoja wa Tanga) kwenye ofisi ya wageni kuwasaidia lugha, na kwa niliyoyaona humo ndani siku hizi nikiulizwa njia ya haraka nami nauliza: mkiachana, au Mungu apishe mbali akafariki, wewe unabaki na nini mkononi?

Najua ni swali zito kumuuliza bi harusi, shangazi yangu angesema namwombea mtu mabaya. Ila sheria ya huku imeshalijibu kwa kila aina ya kibali, majibu yanatofautiana sana, na watu wengi wanakuja kuyajua wakati tayari wanalia.

Tuanze na pasipoti, na sisemi yako, nasema ya mwenzio, maana hiyo ndo inaamua unaingilia mlango gani.

Mwenzio akiwa Mjerumani na anaishi Ujerumani, unaomba viza ya kuungana na mwenza, ile ndefu ya kitaifa wanayoiita D, pale ubalozini Dar kwenye jengo la Umoja House, ada yuro 75. Ubalozi haumalizi peke yake, faili lako linatumwa mpaka ofisi ya wageni ya mji anakoishi mwenzio na wao ndo wanatoa ridhaa, kwa hiyo wanaosubiri wiki tatu wakaanza kuuza makochi nawaambia tulieni, hii kitu inaenda kwa miezi. Kizuri ni kwamba mwenza akiwa Mjerumani kwa kawaida hawang'ang'anii kipato chake, maana raia hawezi kuambiwa akaishi na mkewe nchi nyingine kisa mshahara mdogo. Kigumu ni lugha, unatakiwa uwe na cheti cha A1, yaani ngazi ya kwanza kabisa ya Kijerumani, kabla hujapanda ndege.

Hiyo A1 watu wanaiogopa kuliko inavyostahili. Wengi kwetu wanasomea Goethe-Institut pale Upanga, wa Kenya wanaenda Goethe ya Nairobi. Mtihani una kusikiliza, kusoma, kuandika na kuongea, alama 100, ukipata 60 umepita. Kuandika ni kujaza fomu na kuandika kiujumbe kifupi cha maneno kama 30 hivi. Kuongea mnaingia kikundi, unajitambulisha, unaambiwa taja jina lako herufi kwa herufi na namba ya simu, halafu kuna kadi zimefunikwa mezani, unafunua moja imeandikwa labda chakula au wikiendi, unatunga swali unamuuliza mwenzio wa pembeni naye anakujibu. Sasa wadada wenye majina ya Mw na Ny wanakwama palepale mwanzoni kwenye herufi, W wao wanaiita ve, Y wanaiita ipsilon, fanya mazoezi ya jina lako mpaka litoke lenyewe hata usingizini, alama za bure zile. Na kama upo Kigoma ndani au Songea huko, mwalimu hamna, intaneti ya shida, ujue kwamba mwaka 2012 mahakama kuu ya utawala ya Ujerumani iliamua kwamba mwenza wa Mjerumani ambaye amejitahidi kwa dhati mwaka mzima na imeshindikana, au kwa mazingira yake haiwezekani kabisa, asizuiwe kwa sababu ya hicho cheti. Sio njia nyepesi, lazima uonyeshe ushahidi wa kujitahidi kwenyewe, risiti za kozi, matokeo ya mtihani uliofeli, lakini ipo.

Mwenzio akiwa ni wa nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya, Mreno, Mtaliano, Mpolandi, anayeishi na kufanya kazi Ujerumani, hapo mambo yanageuka kabisa. Hutumii tena sheria ya Ujerumani ya wageni, unatumia haki ya Umoja wa Ulaya ya watu wao kuhama na familia zao, maelekezo namba 38 ya mwaka 2004. Viza ya kuingilia ni bure, inatakiwa ishughulikiwe haraka, A1 hawakuulizi, na ukifika unapewa kadi ya ukaazi ambayo kwa kawaida ni ya miaka 5, na baada ya miaka 5 unapata haki ya ukaazi wa kudumu. Kulikuwa na kesi ya Metock mwaka 2008, Ireland walitaka mwenza awe kwanza ameishi kihalali nchi nyingine ya Umoja, mahakama ya Umoja wa Ulaya, ile ya Luxembourg, ikasema hapana, hamruhusiwi kuweka sharti hilo.

Kwa hiyo mtaa mmoja hapahapa Hamburg, dada aliyeolewa na Mreno anaingia bila kujua hata kusalimia Kijerumani na dada aliyeolewa na Mjerumani kwenye nchi ya huyo Mjerumani anakaa Dar anakariri herufi. Inauma na naona si haki, ila ndo ilivyo, haki ya Umoja inamfuata mtu aliyehama kwao, aliyekaa kwao anabaki na sheria ya kwao. Ndo maana kuna Wajerumani wanaoishi na wake zao Uholanzi au Austria kwa kipindi cha kweli, sio wikiendi, wakirudi Ujerumani wanarudi na ile haki ya Umoja, tangu kesi ya Surinder Singh ya 1992 kwenye mahakama hiyohiyo ya Luxembourg. Mahakama ilishasema baadaye kwamba lazima muwe mmekaa huko kweli kama familia, zaidi ya miezi 3. Kama mumeo ana kazi inayomruhusu kuhama hii ni njia halali kabisa wala sio ujanja, ila kama itabidi aache kazi nzuri kwa ajili ya kukwepa A1, dada yangu soma tu A1.

Mwenzio akiwa Mtanzania au Mkenya mwenzako aliyekuja kwa kazi, angalia kadi yake imeandikwa nini. Akiwa na Blue Card, kile kibali cha kazi cha wasomi wenye mshahara mzuri, hawakudai cheti cha lugha. Lakini hapa kipato kinaangaliwa, mshahara uwatoshe. Zamani hata ukubwa wa nyumba ulidaiwa, ila tangu Machi 2024 kwa wenye kibali cha kazi ya taaluma kama Blue Card sharti hilo limeondolewa.

Kuna wanaotaka kuja kufungia ndoa huku. Viza ya kuja kuoana ipo, A1 inatakiwa vilevile, na makaratasi ya kuthibitisha hujaolewa yanapigwa darubini na ofisi ya ndoa ya huku, wakati mwingine mpaka mahakama ya juu ya mkoa. Kwa maoni yangu kama mnaweza kufunga bomani nyumbani, mfunge nyumbani, mama yako ataona harusi na utaomba viza ukiwa tayari ni mke.

Halafu kuna ile inayozunguka sana, njoo na viza ya Schengen ya kutembea, mkaoane Denmark, mrudi Ujerumani uombe kibali hapohapo. Ndoa ya Denmark ni ndoa halali, hilo halina ubishi. Kinachogoma ni hiyo ya kuombea kibali hapohapo. Mwaka 2011 mahakama hiyohiyo kuu ya utawala, iko Leipzig, ilishasema kuoana Denmark hakukuondolei wajibu wa kupitia viza sahihi kutoka nyumbani. Kwa mwenza wa Mjerumani maana yake unaweza kuambiwa rudi Dar kapange foleni, na wakati huo siku zako 90 zishayeyuka, una mimba labda, hela ya tiketi hamna. Usiingie hapo kwa sababu ya video ya TikTok ya mtu aliyebahatika.

Sasa nirudi kwenye lile swali langu, hapa ndo nataka usome polepole.

Kibali cha ndoa na Mjerumani mwanzoni kinategemea ndoa. Ili kiwe chako mwenyewe hata mkiachana, lazima muwe mmeishi pamoja kama mke na mume ndani ya Ujerumani angalau miaka 3. Nimesema mmeishi pamoja. Sijasema mmekaa na cheti cha ndoa miaka 3. Ujerumani kabla ya talaka mnatakiwa mkae mmetengana mwaka mzima, na wadada wengi wanaamini kwamba maadam talaka haijatoka bado wapo salama. Hapana! Hesabu inasimama siku mliyoacha kuishi pamoja. Nilimsindikiza dada mmoja alikuwa na miaka miwili na miezi kadhaa, mume kahamia kwingine kaenda kubadilisha anwani manispaa, basi ile tarehe ya kuhama ndo ilikuwa kwenye kompyuta ya yule afisa kabla hata hatujakaa kwenye kiti. Dada anasema lakini bado ni mume wangu, cheti hiki hapa, kakiweka mezani kimelainika kwa kukunjwakunjwa, afisa anakiangalia kwa upole kabisa na anasema naelewa, lakini hamuishi pamoja. Tulitoka tukakaa ngazini hatuongei. Alichokuja kukiokoa ni kazi, alikuwa amesoma, akaomba kibali cha kazi kwa jina lake.

Kuna vipengele vya kunusuru, vijue kabla. Mwenza akifariki mkiwa bado mnaishi pamoja, ile miaka 3 haidaiwi. Kama kuna ukatili, anakupiga, anakutesa, anakufungia ndani, nayo haidaiwi, sheria inasema usilazimishwe kubaki kwenye ndoa ya namna hiyo kisa kibali. Hili wanaume wengine wanalijua na wanaficha, wanamwambia mke ukiondoka tu kesho upo kwenye ndege. Sio kweli. Lakini ushahidi unasaidia sana, karatasi ya daktari siku ileile, ripoti ya polisi, barua ya nyumba salama ya wanawake. Na ukishapata kile kibali cha kujitegemea mwaka wa kwanza hata ukiishi kwa msaada wa serikali hawakunyang'anyi kwa sababu hiyo, ni mwaka wa kusimama.

Upande wa haki ya Umoja wa Ulaya hesabu ni nyingine, ndoa iwe imedumu angalau miaka 3 mpaka siku kesi ya talaka inafunguliwa, na mwaka mmoja kati ya hiyo muwe ndani ya nchi husika. Yaani miaka ya ndoa mliyokuwa Dar nayo inahesabika, tofauti kubwa hiyo. Akifariki unatakiwa uwe umeishi humo kama familia yake angalau mwaka. Lakini kuna mtego ambao nadhani haujulikani kabisa huku kwetu. Mwaka 2015 mahakama ya Luxembourg iliamua kesi ya Singh (Singh mwingine huyu), kwamba yule raia wa Umoja akihama nchi kabla kesi ya talaka haijafunguliwa, haki yako inaondoka naye. Mreno wako akigombana na wewe Jumatatu, Ijumaa akarudi Lisbon mazima, halafu ndo afungue talaka huko, wewe umebaki Hamburg bila mguu wa kusimamia. Kwa hiyo ndoa ya haki ya Umoja ikianza kutikisika vibaya, muone mwanasheria kabla mtu hajafungasha, na anayetangulia mahakamani akiwa bado yupo nchini anaweza kuwa wewe.

Unaona sasa. Mlango rahisi kuingia, na ndani yake kuna kitu kinachoweza kukumaliza kwa wiki moja. Mlango mgumu kuingia, ukivumilia miaka 3 unakuwa chako.

Na kuna kundi jingine nataka kulisemea kwa moyo wote, wale wadada waliokuja wenyewe, kwa chuo, kwa Ausbildung (yale mafunzo ya kazi) ya unesi au hoteli, halafu wakapenda wakaolewa hukuhuku. Mkishaoana kuna uwezekano wa kubadilisha kibali kuwa cha familia, na wengi wanabadilisha bila kufikiri kwa sababu mume kasema ni rahisi zaidi. Kweli kina faida zake, kibali cha familia kinakuruhusu kazi yoyote, hata kufungua saluni yako, wakati kibali cha kazi kina mipaka ya aina ya kazi. Ila rafiki yangu nesi, kamaliza Ausbildung yake, kaolewa, kakataa kubadilisha. Mume alinuna kidogo, kama vile haaminiwi. Yeye hesabu yake ilikuwa hivi, aliyesomea ufundi au chuo ndani ya Ujerumani akifanya kazi yake ya taaluma miaka 2, ana bima na michango na lugha ya B1 (ngazi ya tatu, A1 ni ya kwanza), anaweza kuomba ukaazi wa kudumu. Kwa njia ya mume Mjerumani ni miaka 3, B1 hiyohiyo, na lazima siku unaomba muwe bado mnaishi pamoja. Ya kwake ni fupi na haina mume ndani yake. Kaomba, kapata, na ndoa yao ipo mpaka leo imetulia kuliko zote ninazozijua, nadhani kwa sababu kila mmoja anajua mwenzie hajabaki pale kwa ajili ya kadi. Mimi nikiwa na binti ningemshauri hivyohivyo.

Na kama umekuja kwa ndoa, basi jijengee mguu wako ndani ya ndoa. Kozi ya lugha ya serikali ni saa 700, 600 za Kijerumani na 100 za mambo ya nchi, usikubali mtu akwambie utajifunza taratibu nyumbani. Siku ukifika B1 na miaka 3 imetimia, nenda kaombe ukaazi wa kudumu usingoje kadi iishe. Wengi wanangoja kwa sababu kadi bado ina mwaka mmoja mbele. Unangoja nini?

Uraia sitaenda mbali. Mwenza wa Mjerumani anaweza kuomba baada ya miaka 3 ya kuishi huku na miaka 2 ya ndoa, na tangu tarehe 27 Juni 2024 Ujerumani haikudai tena uache uraia wako wa mwanzo. Wakenya wanafurahi, katiba yao ya 2010 inaruhusu uraia pacha. Sisi Watanzania bado, mtu mzima akichukua wa huko anapoteza wa nyumbani, kwa hiyo kwa wengi wetu ukaazi wa kudumu ndo penye usingizi.

Kabla sijasahau, makaratasi ya nyumbani, hapa ndo miezi inapotelea. Ndoa ya msikitini au kanisani inakubalika lakini hakikisha imesajiliwa na una cheti halisi, sio kile cha mapambo chenye maua mlichopewa siku ya harusi. Majina, jamani majina! Cheti cha kuzaliwa umeandikwa Mwanahamisi, pasipoti Mwana Hamisi, NIDA imekuja na jina la babu katikati, kwetu hakuna anayeshtuka ila huku hao ni watu watatu. Nyoosha yote RITA na Uhamiaji kabla hujagusa fomu ya ubalozi, kiapo cha wakili kinasaidia lakini karatasi zikilingana zenyewe ni bora mara mia. Na kwa dada zangu wa Zanzibar na pwani, kama mume tayari ana mke mwingine anayeishi naye Ujerumani, kibali cha mke wa pili hakitolewi hata kama ndoa yenu kwa sheria ya kwetu ni halali kabisa, usikubali kuahidiwa kwamba itashughulikiwa ukifika.

Ukishafika weka pasipoti yako, cheti cha ndoa na nakala za kila barua mahali unapopajua wewe, piga picha zote utume kwa dada au mama nyumbani. Jina lako liwe kwenye mkataba wa nyumba, uwe na akaunti yako ya benki. Ushauri wa bure upo karibu kila mji kwa Caritas, Diakonie na AWO, wana watu maalum wa kushauri wageni na hawapeleki habari zako ofisi ya wageni. Simu ya wanawake wanaofanyiwa ukatili ni 116 016, bure, usiku na mchana. Ihifadhi kwa jina lolote unalotaka, hata fundi cherehani.